Maziwa ya Sondu na Rangi Inayosema Kweli

Mama anunuaye lita moja ya maziwa sokoni ana vipimo viwili tu: pua na ulimi. Vyote viwili huchelewa.

Soko la Sondu liko mpakani mwa Kisumu na Kericho, penye Mto Sondu-Miriu uelekeao Ziwa Viktoria. Hapo watu wa milimani wenye ng'ombe hukutana na watu wa ziwani wenye samaki. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri huenda yakanyweka jioni, na njiani jua halimsubiri mtu. Katika joto hilo bakteria huongezeka upesi, huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi, na mama hulitambua jambo hilo pale maziwa yanapokatika sufuriani.

Vituo vya kukusanyia maziwa vina kipimo cha spiriti: maziwa kidogo huchanganywa na spiriti sawa kwa sawa, na yaliyoanza kuchacha huganda papo hapo. Aingiwaye na wasiwasi wa kileo atulie, kwani kinachopimwa ni kiasi kidogo tu, nacho humwagwa.

Kipo pia kipimo cha rangi ya buluu iitwayo resazurini. Bakteria wakiwa wengi, huibadili ikawa ya waridi, kisha ikatoweka na maziwa yakabaki meupe. Dakika 10 katika joto la nyuzi 37 zatosha. Na hiyo rangi ya waridi ina sifa ya ajabu: ikimulikwa, hutoa nuru yake yenyewe.

Sifa hiyo ya kung'aa ndiyo wataalamu wanayoiendeleza leo. Wametengeneza molekuli zenye sehemu izungukayo mfano wa pangaboi. Katika kimiminika chepesi sehemu hiyo huzunguka, na nguvu ya mwanga uliopokewa hupotelea humo. Katika kizito huzuilika, na molekuli hung'aa. Kwa kuwa kinywaji kinapoharibika wepesi wake hubadilika, inatarajiwa kwamba mng'ao huo utatoa habari mapema kuliko pua. Kazi hiyo bado ni ya maabara.

Nuru hufichua pia adui mwingine. Ng'ombe akilishwa nafaka yenye ukungu, sumukuvu hupita hadi kwenye maziwa. Haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi, lakini chini ya miale ya urujuanimno hung'aa buluu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya.

Basi tufanye nini majumbani mwetu? Tununue kwa muuzaji atumiaye chombo cha chuma kinachosuguliwa kikasafika, si dumu la plastiki lililowahi kubeba mafuta. Tuyachemshe maziwa siku hiyo hiyo, tuyafunike, na yaliyotiliwa shaka tusimpe mtoto. Wenye mifugo nao wasiwape ng'ombe mahindi yaliyoota ukungu kwa kuona uchungu kuyatupa, kwani sumu hiyo itarudi katika kikombe cha mtoto.

Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), akizunguka usiku, alimsikia binti akikataa agizo la mama yake la kutia maji katika maziwa, kwa kuwa Mwenyezi Mungu alikuwa akiwaona. Vipimo vipya na vije, tutavipokea kwa furaha. Hata hivyo, uaminifu wa binti yule ndio kipimo ambacho kila muuzaji anaweza kuwa nacho leo, bila ya kungoja maabara.