Je, Wajua? Kitabuni, Tod na Copper hawakuwa marafiki

Filamu ya katuni ya Disney ya mwaka 1981, The Fox and the Hound, inasimulia urafiki wa utotoni kati ya Tod, mbweha yatima, na Copper, mbwa wa kuwinda. Lakini katika riwaya ya Daniel P. Mannix ya mwaka 1967 iliyozaa filamu hiyo, urafiki huo haumo: Copper anamsaka Tod miaka na miaka, hadi mbweha anakufa kwa kuchoka.

Je, filamu inawadanganya watoto? Wapo watakaosema hivyo, kwa kuwa porini windo halichezi na mwindaji. Hoja ina uzito, ila inasahau mambo mawili. Kwanza, mnyama mchanga aliyepotewa na wazazi huweza kushikamana na wa aina nyingine: kiboko Owen, aliyeokolewa Malindi Desemba 2004, alimganda kobe mkubwa aitwaye Mzee katika Haller Park, Mombasa. Pili, filamu haifichi gharama: mwishoni Tod na Copper wanaokoana, kisha kila mmoja anashika njia yake. Huo si uongo. Ni kukiri kwamba mapenzi hayavunji kila ukuta.