Sato na mchicha juu ya mawe ya Igogo

Kutoka mlimani Igogo unaiona Bandari ya Mwanza Kusini chini yako na Ziwa Victoria limetandaa hadi macho yachoke. Nyumba zimepandana kwenye mteremko, zimebanana na majabali, na kati ya ukuta na ukuta mara nyingi hubaki uchochoro wa kupita mtu na ndoo yake. Udongo ni haba. Anayetaka tuta la mchicha anakutana na mwamba kabla jembe halijazama. Ndiyo maana mboga ya jioni hununuliwa fungu kwa fungu, na samaki vilevile.

Kukaa kando ya ziwa hakujawahi kuwa dhamana ya kula samaki. Mwanza inalijua hilo tangu miaka ya 1990, viwanda vya sangara viliposhika kasi: minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na familia nyingi mjini zikabaki kukaanga mapanki, vile vichwa na mifupa vilivyobaki kiwandani. Miaka ya karibuni Serikali imehimiza ufugaji wa samaki kwenye vizimba ziwani, na mwaka 2024 vizimba na boti vya mkopo vilikabidhiwa hapa Mwanza. Ni hatua njema. Lakini kizimba kinadai mtaji, boti na mlinzi wa usiku. Mama mwenye ua wa hatua nne kwa tano anahitaji njia nyingine, na njia hiyo ipo: akwaponiki, yaani kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yaleyale.

Maji yanayofanya kazi mara mbili

Sato aliye tenkini hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi chake. Ikizidi, inamuua. Pampu ndogo huyapandisha maji hayo kwenye kitanda cha kokoto, na humo wanaishi bakteria wa makundi mawili. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. La pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo ndiyo mbolea. Mizizi ya mchicha, chainizi au sukuma wiki huinywa, kisha maji hurudi kwa samaki yakiwa yamesafishwa. Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, uliotolewa mwaka 2014, unakadiria kuwa mfumo hupoteza asilimia 1 hadi 3 tu ya maji kwa siku. Kwa lita 1,000, hiyo ni lita 10 hadi 30: nusu ndoo hadi ndoo moja na nusu.

Busara hii si ngeni ziwani kwetu. Kisiwani Ukara, Wakara walibanwa na ardhi ndogo tangu zamani. Wakafuga ng'ombe ndani, wakawakatia majani, wakakusanya samadi na kurutubisha mashamba yaliyolimwa mwaka hadi mwaka. Maofisa kilimo wa kikoloni walikwenda kuyaandika hayo katika miaka ya 1930. Wakara walikataa kutupa chochote ambacho mmea ungeweza kula, na Igogo ina sababu ileile ya kufanya hivyo.

Kokoto tunazo

Jiwe linalomnyima mtu bustani ndilo linalompa kitanda cha mboga. Milimani Mwanza kokoto hupondwa kwa nyundo, na nyingi ni za matale, jiwe lisiloyeyuka kirahisi majini. Hata hivyo zipime. Weka chache bakulini, mwagia siki, inamisha sikio. Zikichemka na kutoa povu zina chokaa, nayo itapandisha pH ya maji. Zikinyamaza, zioshe na kuzitumia. Kitanda cha mita moja ya mraba chenye kina cha sentimita 30 kina uzito wa karibu nusu tani, kwa hiyo kijengewe msingi imara, hasa penye mteremko.

Kwa kuanzia, tenki la lita 1,000, sato 20 na vitanda viwili vya ukubwa huo vinatosha. Chukua vifaranga madume watupu, kwani wakichanganyika watazaana mapema na kubaki wadogo. Wakifika gramu 250 kila mmoja, watakula takriban gramu 100 za chakula kwa siku, kiasi kinacholisha mita mbili za mraba za mboga za majani. Maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili ili klorini itoke. Na usiharakishe: bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga kabla tenki halijabeba samaki wengi. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapo. Wamenunua tenki na pampu, wakasahau mfugo wa kwanza ni ule usioonekana kwa macho.

Adui mwingine ni kukatika kwa umeme. Pampu ikisimama, oksijeni hupungua, sato hupanda juu na kuhema midomo wazi, na wakiwa wengi wanaweza kufa ndani ya saa chache. Betri yenye pampu ya hewa ni sehemu ya mfumo, isionekane kuwa anasa. Dawa ya wadudu isiguse mboga hizo kamwe, maana itaishia kwa samaki. Na tenki lifunikwe kwa wavu, kwa ajili ya paka, kenge na zaidi ya wote watoto.

Faida yake

Anayeahidi utajiri kutoka tenki moja anadanganya. Sato 20 ni kilo tano au sita baada ya miezi kadhaa, na chakula chao ndicho kinachomeza fedha. Faida ya kweli ni mchicha unaovunwa wiki ya tatu au ya nne baada ya kuoteshwa, tena na tena, hatua chache kutoka jikoni, na samaki ambaye familia inajua alikula nini. Mali bila daftari hupotea bila habari: andika chakula kilichotumika, mboga zilizovunwa na samaki waliokufa, kisha amua kama utaongeza tenki la pili.

Ujuzi hauko mbali. Chuo cha uvuvi cha FETA kipo Nyegezi, na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo hapa Mwanza. Halmashauri ya Jiji ikishirikiana nao inaweza kuweka tenki moja la mfano kwenye ofisi ya kila mtaa, likatunzwa na vijana na akina mama wa hapohapo, kwa daftari lililo wazi kwa kila anayetaka kusoma. Fedha inayotumika kwenye semina moja ya hotelini ingefaa zaidi ikinunua kokoto, pampu na vifaranga. Wananchi wa Igogo wakiuona mfumo ukifanya kazi juu ya mwamba wao, na wakiijua gharama yake halisi, wataamua wenyewe. Wana haki ya kupewa nafasi hiyo.