Filamu kwa Posta na kwa Intaneti

Kampuni ya Netflix ya Marekani ilianza kukodisha filamu kwa posta mwaka 1998. Diski ya DVD yenye tabaka mbili huweza kubeba baiti bilioni 8.5, na kila baiti ni biti 8. Ikisafiri siku mbili, bahasha hupitisha wastani wa biti 394,000 kwa sekunde. Mwanafunzi na akokotoe! Ila mtazamaji hangojei wastani, hungoja tarishi. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilianza kutiririsha filamu, yaani kuipeleka kwa intaneti vipande vipande huku ikitazamwa. Lakini sheria ya Marekani humruhusu aliyenunua diski ya filamu kuikodisha bila idhini ya mwenye filamu, ilhali kutiririsha huhitaji leseni, nayo ikimalizika filamu huondolewa. Bahasha za mwisho zilitumwa tarehe 29 Septemba 2023, na wateja wakakosa filamu zisizokuwa na leseni hiyo.