Antena ya Wima na Maji ya Chumvi

Anayetaka kusimamisha antena ya wima Tanga huanza kwa kuuliza urefu wa mlingoti. Aanze kwa kuuliza utasimama wapi.

Antena ya wima ya robo wimbi ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni ardhi iliyo chini yake, ambamo mkondo wa umeme hurudi hadi kwenye kitako. Sehemu kubwa ya pwani hii ni mwamba wa matumbawe, na mwamba mkavu hupitisha umeme kwa shida. Maji ya bahari yanaupitisha takriban mara 1,000 zaidi ya udongo wa kawaida. Mawimbi ya redio yanayoondoka chini chini, karibu na upeo wa macho, ndiyo yanayofika mbali zaidi yakiakisiwa na ionosfia, na hayo ndiyo ardhi kavu huyadhoofisha. Bahari huyaakisi karibu yote. Ndiyo maana antena ya bei nafuu ufukweni Raskazone au Pangani huishinda ya gharama kubwa iliyosimama mwambani, mbali na maji.

Urefu si fumbo: gawanya 71.3 kwa masafa katika megahezi. Kwa 14.2 unapata mita 5, kwa 7.1, mita 10. Waya wa shaba uliofungwa kwenye mwanzi mkavu unatosha. Kwenye kitako kilichoinuliwa tandaza nyaya nne za urefu uleule, zikiinama nyuzi 45, ziwe njia ya mkondo kurudi. Ukinzani utakaribia omu 50, sawa na kebo nyingi za redio. Ncha za nyaya hizo ziwe juu ya kichwa cha mtu, kwa sababu unaporusha mawimbi zina volteji kali.

Adui mkubwa ni chumvi. Ukitumia bomba la alumini, likigusana na waya wa shaba katika hewa ya bahari, kiungo hugeuka betri ndogo na alumini huliwa mpaka inakuwa unga mweupe. Weka washa ya chuma kisichoshika kutu kati yao, kisha ziba mdomo wa kebo kwa utepe wa mpira; maji yakishaingia, hutambaa ndani ya waya uliosukwa na kebo yote inaharibika. Funga mlingoti kwa kamba za nailoni pande tatu, maana kusi haina huruma.

Usisimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka utagusa nyaya za umeme. Masika yakianza kunguruma, chomoa kebo mapema. Na kabla ya kurusha neno lolote hewani, pata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Alama za wito za Tanzania huanza na 5H.