Udzungwa masika, Udzungwa kiangazi

Safari yetu ya kwanza ya kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilikuwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Mama watoto alishauri tungoje kiangazi. Sikumsikiliza.

Nilisimika hema mahali pa bondeni kwa kuwa palikuwa tambarare. Usiku mvua ikashuka, maji yakaingia, magodoro yakalowa, na kibiriti kikawa hakiwaki. Alfajiri mwanetu wa miaka 6 alitia mkono katika maji ya kutawadhia, akautoa huku akilia. Akauliza, "Mama, Mwenyezi Mungu atanikasirikia?" Mama yake akamfunika kwa khanga iliyosalia kavu, akamwambia kuwa dini ni nyepesi na yeye bado ni mtoto. Kisha akanigeukia: "Baba Salma, watoto hawarudi tena huku."

Ilinichukua mwaka mzima kumwomba radhi na kujiandaa. Tulirudi Julai.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, na ndani yake hakuna barabara za magari. Kila kitu huonwa kwa miguu, mkiwa na mwongozaji. Kiangazi njia ya kwenda maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha takriban mita 170, huwa kavu, na mtoto aweza kuipanda taratibu. Masika maji hujaa na kupendeza zaidi, lakini njia huteleza. Juu mnaliona bonde la Kilombero na mashamba yake ya miwa. Humo msituni huishi mangabei wa Sanje, tumbili asiyepatikana nje ya Milima ya Udzungwa, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu.

Safari hii tulichukua jiko la gesi, kibiriti ndani ya chupa iliyofungwa vyema, turubai la kutandika chini, na sweta kwa kila mmoja, maana hata kiangazi usiku wa milimani una baridi. Kibla tulikitafuta kwa dira: kutoka huko ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Kwa kuwa tulikaa siku 2 tu, tulipunguza na kukusanya swala kama wasafiri. Alfajiri haipunguzwi, nasi tuliiswali jamaa mbele ya hema.

Surat Al-Ghashiyah inatuhimiza tuitazame milima jinsi ilivyosimamishwa. Watoto wetu walikuwa wakiisoma madrasa, sasa waliitazama.

Tulipofika kambini, sikuchagua mahali pa hema. Nilimwuliza mama watoto. Akazunguka, akaonesha kipandio kidogo penye mteremko wa kupitisha maji. Alfajiri mtoto aliamka kabla yetu, akatuamsha: alitaka kutawadha, na alitaka maji yapashwe moto. Mama yake akawasha jiko, akacheka, akaniuliza kimya kimya, "Desemba je?"

Nikamjibu kuwa safari hii uamuzi ni wake.