Ponsezi ya mbao inaweza kunoa patasi, lakini tuibadilishe kwanza

Ndugu wafanyakazi, pale atelie iko na ponsezi ya ukanda, wengi wanainolea patasi na shoka. Inawezekana. Lakini ile mashini ilitengenezwa kwa mbao, haiko ya chuma.

Kwanza, mwendo wa ukanda. Ukanda ukikuja mbele ya makali, yanaingia ndani yake, unapasuka, na chuma kinakurukia tumboni. Ukanda ukimbie makali. Kama motere iko ya fazi tatu, fundi wa umeme anabadilisha fazi mbili tu, mwendo unageuka. Ukanda uko na mshale? Ugeuzeni nao.

Pili, punguzeni mbio. Puli kubwa zaidi kwenye rola inayovuta ukanda inatosha. Mbio nyingi inachoma chuma: makali yakigeuka buluu, ugumu umekwisha, kesho patasi inapinda. Ndoo ya maji ikae pembeni, uchovye kila mara.

Tatu, ondoeni unga wote wa mbao, hata ule wa mu mfuko. Cheche moja inaweza kuwasha atelie.

Vaeni miwani ya kazi na maski. Glavu hapana: ukanda unaivuta pamoja na mkono.

Na hii miwani haiko ya kununua na mshahara wa nyumbani. Sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002 inaweka usalama juu ya mwajiri. Muombe kupitia delege wenu, kwa maandishi. Piese ya mashini inapatikana. Piese ya kidole, hapana.