Maneno ya namba katika Kiingereza

Maneno ya namba katika Kiingereza ni maneno yanayotaja idadi, mpangilio, sehemu au marudio ya jambo, kama vile "two", "second", "half" na "twice". Hutumika kila siku katika kutaja saa, tarehe, bei, umri na vipimo vya dawa.

Katika Kiswahili baadhi ya namba hubeba kiambishi cha ngeli, lakini neno la namba la Kiingereza halibadiliki kufuatana na nomino. Kwa sababu hiyo maana yake hutegemea sana mahali neno lilipowekwa. Likihama, au likiongezwa herufi "s", sentensi husema jambo lingine.

Nafasi mbele ya nomino

Kiswahili hutanguliza nomino: vitabu viwili, watu wawili, miti miwili. Namba 1 hadi 5 na 8 hupatana na ngeli. 6, 7, 9 na 10 hazipatani. Kiingereza hutanguliza namba, nayo hubaki vilevile: "two books", "two people", "two trees". Kinachobadilika ni nomino, ambayo huwa katika wingi. Wingi hutumika pia kwa sifuri na kwa desimali: "zero degrees", "one point five litres". Umoja hufuata "one" peke yake.

"One" ni tofauti na "a". Anayesema "I have a brother" anaarifu tu kwamba ana kaka. Anayesema "I have one brother" anataja hesabu: ni mmoja, si wawili. Sentensi ya Kiswahili "nina kaka mmoja" huweza kubeba maana zote mbili.

Namba ya mpangilio na namba ya kuhesabia zikikutana, ya mpangilio huja kwanza: "the first three chapters" ni sura tatu za kwanza.

Namba kubwa

Kanuni ni hii: namba ndogo ikitangulia "hundred", "thousand" au "million" huzidisha, ikifuata hujumlisha. "Five hundred" ni 5 mara 100, na "a hundred and five" ni 100 kuongeza 5.

Kanuni hiyo huondoa utata ambao wasemaji wa Kiswahili wanaufahamu. "Elfu ishirini na tano" huweza kueleweka kuwa 25,000 au 20,005, na ndiyo maana wengine husema "ishirini na tano elfu". Katika Kiingereza 25,000 ni "twenty-five thousand" na 20,005 ni "twenty thousand and five". Waingereza hutia "and" baada ya mamia. Wamarekani mara nyingi huiacha na kusema "two hundred five".

Kiingereza cha kawaida hakina neno moja la laki. Laki tatu na nusu, yaani 350,000, husomwa "three hundred and fifty thousand".

Baada ya namba kamili, maneno haya hayachukui "s": "two hundred people" ni watu 200. Yakichukua "s" na kufuatwa na "of", idadi haitajwi tena: "hundreds of people" ni mamia ya watu.

"Billion" inahitaji uangalifu katika vitabu vya zamani vya Uingereza, ambako ilimaanisha milioni milioni moja. Mwaka 1974 serikali ya Uingereza ilikubali kuitumia katika takwimu zake kwa maana ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja.

Namba inapokuwa sehemu ya kivumishi

Mtihani wa saa tatu huelezwa kwa njia mbili: "The exam lasts three hours" au "It is a three-hour exam". Katika sentensi ya pili namba na nomino yake zimeungwa kwa kistari na kuwa kivumishi kimoja, na vivumishi vya Kiingereza havina wingi. Kwa hiyo "hour" hupoteza "s". Vivyo hivyo, "The boy is ten years old" hugeuka "a ten-year-old boy".

Saa na tarehe

Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na machweo, na za Kiingereza tangu usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita: "seven o'clock in the morning" ni saa moja asubuhi. Kutafsiri neno la namba peke yake humfanya mtu afike mapema au achelewe kwa robo ya siku. "Quarter to eight" ni saa mbili kasorobo. Waingereza husema pia "half seven" wakimaanisha dakika 30 baada ya "seven", yaani saa moja na nusu.

Tarehe iliyoandikwa 5/6/2024 ni 5 Juni kwa Mwingereza na 6 Mei kwa Mmarekani. Katika Afrika Mashariki siku hutangulia, kama Uingereza. Orofa nazo hutofautiana: "first floor" ni ghorofa iliyo juu ya ile ya chini kwa Mwingereza, lakini kwa Mmarekani kwa kawaida ni ile ya chini yenyewe.

Marudio

Mara moja ni "once", mara mbili ni "twice"; kuanzia tatu husemwa "three times", "four times" na kuendelea. Katika maelezo ya dawa kila namba ina kazi yake. "Take two tablets three times a day" ni vidonge viwili kutwa mara tatu, jumla sita. "One tablet every eight hours" ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane, yaani vitatu kwa siku. Anayesoma "eight" bila kuangalia "every" na "hours" huweza kudhani ni vidonge vinane.

Matamshi

Namba 13 hadi 19 huishia na "teen", na makumi kuanzia 20 hadi 90 huishia na "ty". "Fifteen" ikitamkwa peke yake hubeba mkazo mwishoni, na "fifty" mwanzoni. Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo msemaji wake huweza kuyatamka maneno yote mawili kwa namna moja. Kwenye bei au namba ya chumba, njia ya kuondoa shaka ni kutaja tarakimu moja moja: "one five" kwa 15, "five zero" kwa 50.

Maneno mengine ya idadi

"Dozen" ni 12, "score" ni 20, na "fortnight" ni siku 14. "A couple" ni wawili, ingawa katika mazungumzo "a couple of days" huweza kuwa siku mbili au tatu. Namba nyingine hupoteza hesabu kabisa ndani ya nahau: "at sixes and sevens" ni kuwa katika vurugu, na "second to none" humaanisha bora kuliko wote, wala si wa pili.